Mashine Iko na Presha

Jicho la kushoto la Mama lilikuwa limekufa zamani. La kulia sasa lilikuwa na mtoto wa jicho, na mimi kwake nilikuwa kivuli chenye sauti. Daktari alikubali kumpasua, lakini presha ishuke kwanza. Nyumbani kwetu Langas alikuwa ametulia vizuri, anachagua maharagwe kwa kupapasa huku akiimba nyimbo za kanisa. Tukifika kliniki, mashine ikimbana mkono tu, presha juu! Tukarudishwa nyumbani mara mbili. Niliogopa ataingia gizani kabisa.

"Mama, kwani una presha ya nini?" nilimfokea.

"Mimi sina presha. Mashine yao ndiyo iko na presha."

Huku kwetu neno ni moja, la damu na la wasiwasi, kwa hivyo Mama alisikia anaitwa mwoga. Yeye, aliyemzika mume akatulea peke yake! Kila akiambiwa ana presha anakasirika, na akikasirika inapanda zaidi.

Safari ya tatu nilijifanya daktari. "Mama, tulia! Pumua! Usifikirie kitu!"

Sista aliyekuwa akipima akaniangalia. "Hebu kaa wewe kwanza, Mama ajue haiumi."

Nikakaa nikicheka. Mashine ikavuma, ikanyamaza. Sista hakucheka.

"Dada, yako imepita ya Mama."

Woi! Mkuki kwa nguruwe. Jasho lilinitoka, na kusema kweli niliogopa. Mama akapapasa hewani mpaka akapata bega langu, akaanza kunisugua mgongo kama alivyonifanyia nikiwa mdogo na kikohozi. "Pole, mtoto wangu. Pole sana. Mungu yuko. Tukitoka hapa nitakupikia chai." Jicho alikuwa amelisahau. Sista, mjanja yule, akamfunga mashine kwenye ule mkono mwingine polepole bila kusema neno.

Ilikuwa imeshuka. Akangoja kidogo, akapima tena. Bado iko chini.

Mpaka leo sijui mashine ile ilikuwa inapima nini hasa. Mama alipasuliwa wiki hiyo hiyo, nami nikapewa tarehe yangu ya kliniki.

Siku ya kutoa bendeji nilisimama mbele yake. Akanitazama usoni, kisha kichwani. Nilingoja aseme asante Yesu.

"Kumbe una mvi," akasema. "Na hukuniambia."