Rido za Milango ya Nyamirambo

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka wa 1990, Fundi Mkuu wa karakana yetu ya ushonaji ya Rwezamenyo, jirani na mtaa wa Nyamirambo, alinipa kitambaa cha bluu nishone rido, yaani pazia la mlango. Nikalishona refu mpaka sakafuni, kama la dirishani. Akalitundika, akapita, likamzonga miguu.

"Rido ya mulango haigusi chini," akasema. "Watu iko napita na matope. Fumua."

Nikafumua. Ndivyo nilivyojifunza upindo, ule mkunjo wa chini unaoshonwa mnene ili pazia liwe zito. Enzi hizo Nyamirambo milango ilishinda wazi, na kilichomstiri mwenye nyumba ni kitambaa tu. Mgeni alipiga hodi, akakaribishwa kwa sauti yake kabla hajaonekana uso.

Aliyetarizi maua alikuwa Verediana, binti Mkatoliki wa cherehani ya jirani. Siku moja tulipelekwa hoteli ya Kiyovu kutundika mapazia. Msimamizi akatukuta tunacheka juu ya ngazi.

"Mumekuja kazi ama ndoa?"

"Yote mbili, bosi," Verediana akamjibu bila kugeuka.

Mimi nilikuwa bado sijamwambia neno la mapenzi. Nusura nianguke.

Mwanzoni mwa 1994 wazazi wetu walikubali tuoane, ingawa dini zetu ni mbili. Verediana akatarizi rido ya chumba chetu, nyeupe yenye maua mekundu. Pasaka akaenda kwao Gitarama, akaichukua amwonyeshe mama yake.

"Nikirudi utaitundika," aliniambia nikimsindikiza kwenye basi.

Siku chache baadaye mauaji ya kimbari yalianza. Mimi majirani walinificha, nikapona. Vita vilipokwisha nilikwenda kwao Verediana. Nyumba haikuwa na paa wala mtu. Majirani zao waliobaki walisema hawajui alipo, wengine waliangalia chini. Nikarudi karakanani.  Fundi Mkuu alinisogezea kiti na kitambaa, tukashona mpaka jioni.

Sasa nimestaafu, sindano siioni tena. Vijana wakija kuuliza kazi ilivyokuwa, nawaeleza upindo na marinda, na wanaandika.

Lakini kila Pasaka, mimi Mwislamu, hupanda basi la Gitarama. Nakaa kidogo kwenye kiwanja ilipokuwa nyumba yao, kisha narudi. Mke wangu, niliyemwoa baadaye, anajua. Hunifungia chapati za njiani, na hufunga za kuwatosha wawili.