Zamu ya Kornel Chini ya Daraja

Kila mchana, usingizi ukimpitia chini ya migomba yake, Kornel aliusikia mto. Haukuwa kijito cha kwao mlimani, Kirua Vunjo. Ulikuwa ule wa Kagera, mpana, mwekundu, ukipita polepole na magogo yake. Mvua za mwaka wa tisini na nane zilimzidishia ndoto.

Kikosi chao cha uhandisi cha jeshi la akiba kilikuwa cha waseremala na wachimba mifereji, watu walioitwa vita ilipoanza. Kilidumu miezi michache tu, na historia yake ilibaki kichwani mwa Kornel. Walikuwa na desturi moja: lori la kwanza likivuka, fundi aliyelaza magogo husimama chini ya daraja, kuonyesha kwamba anaiamini kazi yake. Zamu ya Kornel ilipofika alisema ana homa. Homa gani? Aliogopa, basi. Jirani yake Filemon akasimama badala yake, na gogo likakatika, likamuua.

Vita ilipokwisha, Kornel alimtuma mdogo wake, Eliamini, ampelekee Dominika, mjane wa Filemon, jani la isale, jani la kuombea msamaha ambalo mlimani ni vigumu kulikataa. Dominika alilirudisha.

"Mwambie hata hapa amemtuma mtu asimame mahali pake."

Maneno hayo yalimkaa kooni miaka kumi na tisa.

Sasa mafuriko yalikuwa yamezoa daraja la kijito, na Dominika hakuwa na njia ya kwenda kanisani. Vijana walikuwa mpakani Holili wakihangaika na biashara. Kahawa haikuwa na bei tena. Kornel akakata mikaratusi yake, akajenga peke yake wiki nzima, akitaja majina ya wenzake wa kikosi, gogo kwa gogo, kama anayesali rozari.

Jumapili asubuhi, ukungu ukiwa bado migombani, Dominika alimkuta amesimama majini chini ya daraja, maji kiunoni, jani la isale mkononi.

"Unafanya nini huko?"

"Zamu yangu, mama Jovin. Pita."

Alipita polepole. Magogo yalilia, lakini yalishika. Katikati akasimama, akainama, akalichukua lile jani na kulitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

"Toka majini, shemeji," akasema. "Usije ukapata homa ya kweli."