Kaburi Kwenye Migomba Yangu

Mume wangu alifia nyumbani kwa mke mwenzangu. Naanza na hilo kwa sababu liliniuma kuliko kifo chenyewe. Aliyeniletea habari ni mdogo wa marehemu, shemeji yangu. Alinikuta nakata majani ya ng'ombe, na kabla sijaweka mundu chini nikamuuliza, "Amefia wapi?" Akanishangaa. Watu huuliza amekufaje.

Zilikuwa enzi za Wadachi. Boma la Arusha lilikuwa limeshasimama, na mume wangu alikuwa msimamizi wa vijana waliolimishwa barabara. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kuzikwa hivi hivi. Amri ilikuwa kwamba mtu wa kazi ya Boma akifa, ndugu zake waende kwanza wakaeleze kilichomuua, maana Wadachi waliogopa ndui, kisha karani awaandikie cheti cha kuonyesha amefia wapi na atazikwa wapi. Bila cheti hicho, mangi, mtawala wetu, asingeruhusu jembe liguse ardhi.

Kwetu Meru, mwanamume mwenye wake wawili hulazwa kwenye migomba ya mke mkubwa. Hilo halikuwa na mjadala mpaka asubuhi ile. Lakini bi mdogo ndiye aliyemuuguza, na nilipofika pale kwake nikasikia wanawake wananong'ona kwamba kwa nini maiti ahangaishwe, si alazwe hapo hapo, udongo wenyewe laini. Udongo laini! Nilijua maana yake. Kaburi likikaa kwake, mimi nitakuwa mgeni wa mume wangu maisha yangu yote, nikabishe hodi kwa yule msichana kila nikitaka kumlilia. Akiwa hai alikuwa amekwisha kuninyang'anya. Nikaapa maiti hamchukui.

Shemeji akasema, "Karani atataka kumwona mjane." Tukasimama wote wawili kwa pamoja, mimi na bi mdogo.

Njia nzima nilitangulia mimi, yeye nyuma yangu kama ilivyo heshima. Hata hivyo nilimsikia akilia. Alikuwa na kilio kizuri, cha taratibu, kisichoharibu uso. Mimi nikilia huvimba kama niliyeumwa na nyuki, kwa hiyo nilikaza macho yakabaki makavu. Tulipovuka mto Nduruma aliteleza, shemeji akamshika mkono. Tulipovuka Themi niliteleza mimi, nikajishika mwenyewe kwenye jiwe.

Karani alikuwa mtu wa pwani, amevaa kanzu nyeupe kiasi cha kuumiza macho. Alimtazama bi mdogo, akamsogezea kigoda. "Pole sana, bibie. Kaa kitako." Kisha akanigeukia mimi, akasema kitu kwa upole. Sikujua Kiswahili wakati ule. Nikamuuliza shemeji anasema nini. Shemeji akababaika, akajikuna shingo.

"Anauliza kama wewe ni mama yake huyu bibie."

Wivu ulinipanda mpaka masikio yakaziba. Yalipozibuka, nilisikia jambo baya zaidi: bi mdogo alikuwa anamjibu karani kwa Kiswahili. Si cha kubahatisha, bali maneno yaliyopangwa yakapangika. Mume wangu alikuwa amekiokota barabarani kwa askari na wapagazi, na kumbe jioni alikuwa anakaa kule kwake akimfundisha. Mimi hakunifundisha hata neno la kuombea maji.

Shemeji alinitafsiria kwa kunong'ona. Alitoka vipele? Hakutoka. Alikohoa? Alikohoa sana, usiku hasa. Alikula nini mwisho? Alikataa uji, akaomba ndizi zilizopondwa na maziwa, akala kidogo. Maswali yote yalikuwa yake. Hakuna hata moja ambalo ningeweza kulijibu mimi, niliyemzalia mume wangu watoto wakubwa kuliko huyo aliyekalia kigoda.

Kisha karani akachovya kalamu, akauliza la mwisho. Hilo sikungoja tafsiri, nililijua kwa jinsi shemeji alivyonitazama. Nikapiga kifua.

"Kwangu!" nikasema kwa Kimeru. "Mwambie. Kwenye migomba yangu. Mimi ndiye mkubwa, na yeye mwenyewe hapo anajua."

Karani akamtazama bi mdogo. Huo ndio wakati niliomwogopa kweli, maana alikuwa na kigoda, alikuwa na machozi na alikuwa na Kiswahili. Angesema neno moja tu, karani angeandika. Aliinamisha kichwa. "Ni kweli," akasema. "Kwa dada." Karani akaandika, akagonga muhuri, na nikarudi mlimani nikiwa nimekishika cheti mimi mwenyewe, ingawa sikuweza kukisoma.

Tulimzika asubuhi iliyofuata. Kaburi lilichimbwa palepale nilipotaka, ninapopaona nikiwa mlangoni. Tukapanda sale, mmea wetu wa heshima na radhi, kichwani pake, tukanyolewa nywele, mimi kwanza, yeye baadaye. Hata bila nywele alipendeza. Nilimkata jicho, nikaingia ndani nikiwa nimeshinda.

Hazikupita siku nyingi, nikamwona amesimama uani kwangu na jani la sale mkononi, amelifunga fundo. Asiye wa kwetu hatanielewa. Mtu akikuletea jani la sale anakuomba, na ukishaletewa huna ruhusa ya kukataa, hata kama ameua ng'ombe wako. Fundo lenyewe nililitambua. Ni lile lile alilofunga mume wangu alipokuja kuniomba radhi kwa kumwoa huyu. Kumbe naye alikuwa akipelekewa majani. Kwa kosa gani? La kuja kulala kwangu?

"Dada, niruhusu niwe nakuja kumwona," akasema.

Nililipokea jani. Ningefanyaje? Nikapata kaburi na mke mwenza juu yake. Kila alfajiri alikuja, akachutama pale penye sale, akazungumza na marehemu kwa Kiswahili. Alizungumza kwa kirefu, mara acheke, mara ashushe sauti. Mimi mwenye kaburi nilisimama mlangoni, sielewi hata neno. Nilipokwenda mwenyewe kumsemesha mume wangu, nilimwambia ng'ombe wazima, kisha nikaishiwa.

Hapo ndipo nilipokwenda misheni. Mwalimu alifurahi kuona mwanamke wa makamo ana kiu ya elimu, akanitolea mfano mbele ya wasichana. Sikumweleza. Nilijifunza Kiswahili kwa kijicho kitupu, nikakariri maneno nikipalilia, nikakariri nikikamua, na ndicho hiki ninachoandikia sasa. Nilitaka kujua anamwambia nini mume wangu kwenye ardhi yangu.

Siku nilipoona nimeiva, niliamka kabla yake, nikajibanza nyuma ya migomba. Akaja, akachutama, akafuta umande kwenye sale kwa kiganja. Nikatega sikio.

"Dada hajambo," akasema. "Goti linamsumbua lakini anatembea. Jana amepika loshoro ya mahindi na mtindi, amegawa kwa jirani. Siku hizi anakwenda misheni, sijui anatafuta nini, ila amekonda kidogo, nitamletea maziwa." Akachezea jani. "Kila asubuhi ulikuwa unaniuliza habari zake kabla hujaniuliza mimi nimelalaje. Basi nakuletea. Usinung'unike tena."

Akainuka, akaenda zake. Mimi nilibaki nyuma ya mgomba. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilitazama lile kaburi nililolipigania, na wivu ukanishika upya, mkali kuliko wa Boma: kaburi liko mlangoni kwangu, na mume wangu bado anazisikia habari zangu kutoka kwa yule.