Mahali Bibi Alipokataza Sakafu

Nakumbuka alasiri moja bibi yangu, mama yake baba, alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, na wakati huo nilijiona mtu asiyeshindwa na swali. Alisema bila kuinua macho, "Wewe uliyesoma, hebu niambie. Mtu akifukia kitu ardhini, ni lazima awe na nia ya kukirudia?"

Nikamwambia inategemea.

"Inategemea," akarudia, kama mtu aliyeonja mchuzi akakuta hauna chumvi. Akaendelea na mchele wake.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sikukuzaa, wala sina mvi za kutosha kuitwa mzee. Waliostahili kukusimulia haya wamekufa, na aliyebaki, baba yangu, hapendi kuyazungumza. Juzi ulinionyesha kwenye simu picha ya jiwe lenye mchoro wa msalaba, ukaniambia ni alama ya Mjerumani ya mahali alipofukia mali. Sikukucheka. Kaa kidogo nikueleze kwa nini.

Kwetu ni Ng'ambo, hapa hapa Tabora. Hadithi za mali iliyofukiwa tulizaliwa tukazikuta. Misafara ya pembe ilipita huku ikienda Ujiji na kurudi pwani. Baadaye wakaja Wajerumani, na vita vikawaondoa mbio. Utamu wa hadithi hizi ni kwamba si uongo mtupu. Misafara ilipita kweli. Mjerumani alikimbia kweli. Mtu anakupa kweli mbili, ya tatu unaiongeza mwenyewe.

Baba alikuwa fundi seremala. Ukiingia uani kwetu ulikanyaga maranda ya mninga kabla hujakanyaga ardhi, na sehemu kubwa ya mabibi harusi wa mtaa ule walilala kwanza kwenye vitanda vyake. Jina lake la msikitini ni Ramadhani, lakini bibi alimwita Shija. Bibi alikuwa Mnyamwezi wa kijijini, akaolewa mjini kwa watu wa dini, na jina lile tulidhani ni la babu fulani wa upande wake. Mimi niliyekuwa nauliza kila kitu, hilo sikuuliza.

Ndipo akaja mtu kutoka Kaliua mwenye fimbo ya shaba ya kutafutia mali iliyofukiwa. Watu walimwita mtaalamu. Alizunguka uani kwetu akinywa chai yetu, akasimama nyuma ya chumba cha bibi, pale maji ya mvua yanapodondoka kutoka kwenye bati. Ua wote baba alikuwa ameusakafia kwa saruji. Hapo tu palibaki udongo.

"Hapa mbona hapana sakafu?"

"Mama alikataa," baba akasema.

Mtaalamu akatabasamu. "Mtu hakatai sakafu bure."

Nilimwona baba akigeuka kumtazama mama yake, na nikaona macho yake yamebadilika.

Nilipigana kwa silaha niliyokuwa nayo. Nilichukua hereni ya dhahabu ya mama yangu, nikaificha chini ya kopo moja kati ya makopo matatu, nikamwambia mtaalamu aitafute kwa fimbo yake. Akachagua kopo tupu.

"Dhahabu ya sonara haina mlinzi," akasema, wala hakutahayari. "Fimbo hii inamsoma mlinzi, jini anayelinda mali."

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Umeshindwa, msomi!"

Nilidhani nikionyesha kwamba fimbo ni ya uongo, shauri limekwisha. Lakini baba hakuwa ameshikwa na fimbo. Alikuwa amechoka. Jioni ile aliniambia, "Maisha yangu yote natengeneza vitanda vya harusi za watu. Mimi nalala kwenye kitanda cha kamba. Mungu akiniwekea kitu uani kwangu, nikatae kwa sababu binti yangu kasoma?"

Akaenda kwa bibi. Nilikuwepo. "Mama, pale nyuma kuna nini?"

"Udongo."

"Kwa nini hukutaka sakafu?"

"Napenda udongo."

"Unanificha, mama."

Bibi akasema polepole, "Shija, usichimbe pale. Sikuombi kingine mpaka nife."

Kwa mtu mwenye akili iliyotulia, maneno yale yangetosha. Kwa baba yalikuwa ushahidi. Kesho yake walichimba.

Kazi ya vitanda ikasimama. Mzee mmoja aliyeagiza kitanda cha harusi ya binti yake alikuja akakuta mbao zake bado zimeegemea ukuta. "Fundi," akasema, "sasa huyu binti yangu aolewe na mbao?" Majirani wakacheka. Baba hakucheka. Mbao zile alikuja kuzishindilia shimoni zizuie udongo usibomoke.

Shimo lilipomfika kiunoni, jembe likagonga chungu. Kilikuwa chungu cha kawaida cha kupikia, mdomo wake umefunikwa kwa kigae. Baba alikitoa kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na udongo mweusi, mlaini, na nyuzi mbili fupi za shanga nyeupe. Nyuzi zilikatika mara walipozigusa. Mtaalamu akapiga goti. "Hii ni alama ya mlinzi! Tumekaribia!" Wakaumwaga ule udongo juu ya lundo la kifusi, wakakitupa chungu kikavunjika.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja, akainama, akaokota shanga moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga yake. Hakulia.

"Umeshafika, mwanangu," akamwambia baba. "Acha sasa."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua!"

"Nilikuwa najua."

"Iko wapi iliyobaki, mama?"

Bibi akaingia ndani kufunga nguo zake. Jioni alikuwa Ipuli, kwa shangazi yangu, mdogo wake baba. Hakukanyaga tena Ng'ambo.

Baba na mtaalamu wakachimba kuelekea msingi wa nyumba. Mvua zilipokuja, ukuta wa chumba cha bibi ulianguka na kukilalia kitanda chake, kitanda cha kwanza ambacho baba alikitengeneza tangu ajifunze ufundi. Hapakuwa na mtu ndani. Watu wakampa baba pole, wakasema bahati. Baba aliposhindwa kupata kitu nyumbani, aliuza randa na misumeno, akamfuata mtaalamu porini, upande wa njia ya zamani ya misafara.

Bibi alipofariki, simu ya baba haikupatikana. Unajua sisi hatuchelewi kuzika. Alifika bibi ameshalazwa kaburini na watu wameshatawanyika. Nilimkuta amesimama pale peke yake. Mikono yake ilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko, udongo wa mahali pengine.

Mwanangu, sikwambii kwamba hakuna mali iliyofukiwa. Sijui, na mtu asiyejua asijifanye anajua. Inawezekana kuna aliyeokota rupia, pesa za Mjerumani, akanyamaza. Ninachokuomba ni hiki. Kabla hujashika jembe, muulize anayekaa juu ya ardhi ile, na akikuomba usichimbe, heshima yako kwake iwe kubwa kuliko hamu yako ya kujua sababu. Kazi ya mikono yako usiifanye mbao za kuzuia shimo. Na ukimwona mtu amekufuata na fimbo na hadithi, usihangaike sana kupima fimbo yake. Pima uchovu wako, maana humo ndimo anamoingilia.

Mungu akupe riziki unayoweza kuibeba mbele za watu mchana. Akupe mama yako umzike kwa mikono yako mwenyewe, mikono safi. Na nyumba utakayojenga isimame, na walio chini yake wapumzike.

Swali la bibi nilipata jibu lake miaka mingi baadaye, kwa shangazi, aliyeambiwa na bibi katika ugonjwa wake wa mwisho. Uzazi wa kwanza wa bibi ulikuwa wa pacha, wakafa kabla ya kupewa majina. Wanawake wa kwao waliokuja kumzalisha waliwazika wote wawili ndani ya chungu, karibu na ukuta, pale maji ya mvua yanapodondoka, kila mmoja na uzi wake wa shanga. Kwa desturi yao mama haruhusiwi kuwalilia wala kuwataja, na kwa watu wa dini waliomwoa asingethubutu kusema. Kwa hiyo alinyamaza, akakataza sakafu.

Baba hajui mpaka leo. Anakuja nyumbani sikukuu, anakula, anaondoka, nami sipati mdomo wa kumwambia. Lakini jina lake lilikuwa likimwambia tangu azaliwe. Kwa Wanyamwezi, Shija ni mtoto anayezaliwa akiwafuata pacha.