Dagaa wa Kumwonyesha Mfadhili

Treni ilinitoa Morogoro nikiwa na begi moja na tabia yangu ya kutotulia mahali. Kaliua tulikwama mpaka abiria wakaanza kupika kando ya reli. Nilikuwa navuka kwenda Bujumbura, lakini nilipoliona ziwa nikasema nipumzike kidogo Kigoma. Nikapata kazi mtaa wa Katubuka, kwenye kituo cha kulea wajasiriamali kilichoishi kwa ruzuku ya wafadhili.

Kulea! Waliolelewa walikuwa akina mama waliosomesha watoto kwa dagaa. Sisi walezi hatukuwahi kuuza hata karanga. Ruzuku ilinunua gari, viti vya kuzunguka na fulana. Kwa wajasiriamali vilibaki vichanja vya kuanikia dagaa, navyo vilirundikwa stoo vikimngoja mgeni kutoka kwa wafadhili aje kuvikabidhi.

Mama mmoja wa Ujiji alikihitaji kichanja kweli. Alikuwa anaanika mchangani, na mvua zilikuwa zinakaribia. Dagaa waliolowa na kujaa mchanga hakuna mchuuzi anayewagusa. Kwa ahadi ya kichanja alihudhuria kila semina, akisinzia kwa adabu.

Mgeni akapangiwa kuja mwezi ukiwa mpevu. Kigoma hata mtoto anajua kwamba siku hizo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana kwenye mbalamwezi taa zao hazivuti kitu. Mkurugenzi wetu, mzaliwa wa hapo hapo, alijua pia. Lakini kwake ratiba ya mfadhili ilikuwa juu ya mwezi. Tukaenda naye mwaloni, mitumbwi ya dagaa inapotia nanga, kwa yule mama.

"Shikamoo, mama," mkurugenzi akaanza. "Tuazime dagaa wako wakavu. Tuwaloweshe kidogo, tuwaanike, mgeni apige picha."

"Wakavu muwaloweshe ili wakauke?"

"Kwa ajili ya picha tu."

"Wakioza, mchuuzi wangu wa Tabora nimpe picha akaiunge na nyanya?"

Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Utakosa kichanja, mama."

"Kaanikieni semina zenu, mwanangu."

Mkurugenzi akanunua dagaa wakavu sokoni, akawamwagia ndoo ya maji. Mgeni akawagusa, akausifu ubichi wao. Kichanja cha yule mama akapewa shemeji wa mkurugenzi, muuza vocha, ambaye tangu hapo anakitumia kuanikia nguo.

Mvua ya kwanza ikamkuta mama mchangani na mzigo wake wote. Mchuuzi wa Tabora alikuja, akaangalia, akaenda kununua kwingine.

Nilipoaga kituoni, mkurugenzi alishangaa. "Unaondokaje na awamu ya pili ya ruzuku imeshaingia?"

Nalikumbuka ziwa lile kila ninapoishi mahali pakavu, lakini Kigoma sijarudi. Siku ile, kabla ya boti ya Bujumbura, nilipita mwaloni kununua dagaa wa safari. Mama alikuwa amechuchumaa akichambua waliobaki.

"Hawa wana mchanga, mwanangu. Utanitukana ukiwa mbali," akasema, akaendelea kuchambua.