Msuko wa Bibi Lindemuth

Trude Hasselbach alichora wanawake ambao hakuwahi kukutana nao popote Berlin. Yeye mwenyewe alikuwa pande la mtu, mabega kama ya mbeba makaa, lakini gazeti la mitindo lilimlipa achore vijiti vilivyovaa gauni. Mhariri wake, Bwana Lindemuth, alisimama nyuma ya kiti chake kila asubuhi, ananuka soseji, akimfundisha mwanamke ni kitu gani.

"Punguza kifua, Bi Trude. Bado. Punguza tena! Mwanamke wa kisasa hana kifua."

"Kakiacha wapi?" Trude aliuliza, akafuta.

Miaka saba alifuta vifua na nyonga, akachora nywele fupi na sigara vidoleni. Wasomaji wakashinda njaa ili wafanane na karatasi. Mwaka wa 1933 serikali ikabadilika, na Lindemuth akaja kazini na beji mpya ya chama tawala kwenye koti.

"Sasa nataka nyonga," alisema bila haya. "Nywele ndefu za kusuka. Mtoto mkononi. Midomo isipakwe rangi."

"Na kifua?"

"Kirudi chote."

Wanamitindo wote wa gazeti walikuwa wembamba kama fimbo, kwa hiyo Lindemuth akamleta mkewe. Masikini, naye alikuwa amejikondesha miaka yote hiyo kumridhisha mumewe, nywele kazikata juu ya masikio. Lindemuth akambandika msuko wa bandia kwa pini, akamfunga aproni, akamshikisha mwanasesere.

"Tabasamu kama mama!"

"Mtoto wako hana mguu, Ernst," mkewe alisema, akawasha sigara.

Trude akachora alichokiona: pini, msuko uliokwenda upande, mwanasesere kilema, moshi, na uso wa mtu aliyechoshwa. Lindemuth alipoitazama picha, alibadilika rangi.

"Nini hiki?"

"Mkeo."

"Huyu si mwanamke wa Kijerumani!"

"Mwambie mwenyewe, si huyo hapo amekaa?"

Bibi Lindemuth alicheka mpaka msuko ukadondoka.

Kabla ya chakula cha mchana Trude alikuwa ameshafukuzwa. Alipata kazi Spandau kwa muuza mbegu, akachora kabichi na figili za kwenye pakiti. Vuli ilipofika, aliliona gazeti lile limeachwa kituo cha treni: kina mama wanane wanono, wote sura moja. Alifunua kurasa mbili, akasonya, akalitandika kwenye benchi lililolowa mvua, akalikalia.