Barafu Nitaimumunya, Eeddo Apende Asipende

Hili sijamwambia mtu, hata Aabo, baba yangu: nilimdanganya Eeddo mbele ya nesi, na sijutii.

Ndugu wasomaji, ukurasa huu umenificha jina, basi nanyi msinitafute. Nina miaka kumi na sita, msichana wa hapa Garissa, mwenye haya hata ya kuuliza bei dukani. Nina saratani ya tezi. Eeddo, yaani shangazi yangu aliyenilea tangu mama afariki, alinipeleka hospitali ng'ambo, na wiki ijayo tunarudi huko. Wameshatoa mbegu za damu yangu wakazihifadhi. Watanipa dawa kali ya kufagia ugonjwa, kisha wanirudishie mbegu hizo ili damu ianze upya.

Dawa yenyewe huchubua kinywa. Nilimwona kijana wa chumba cha pili, midomo imepasuka, mate yanamshinda kumeza, akitaka kitu anaonyesha kwa vidole. Nesi akanieleza kinga: dawa ikiwa inaingia mshipani, nimumunye vipande vya barafu, nianze kabla na niendelee hata ikiisha. Baridi hubana mishipa ya kinywa, dawa ikafika kidogo. Hakuniahidi kwamba sitapata kidonda hata kimoja. Alisema hupunguza.

Eeddo anajua Kisomali tu, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Nilipomtafsiria alikunja uso.

"Mwambie hapana. Mgonjwa hutiwa joto. Mimi nimezika mtoto kwa baridi."

Ni kweli. Mwanawe alinyeshewa njiani karibu na Modogashe, kifua kikambana, akazikwa hukohuko.

Nesi alikuwa anasubiri jibu. Nikamwambia, "Anashukuru. Kikombe cha barafu atanishikia mwenyewe." Nesi akamkumbatia. Eeddo akaniuliza, "Wamekubali?" Nikasema wamekubali.

"Umeona?" akasema, amefurahi. "Hata daktari ukimweleza vizuri anaelewa."

Sasa amenunua chupa mbili za chai, anitilie supu moto ya tangawizi dawa ikiwa inaingia. Mimi nachemsha maji kwa siri, nampelekea mama wa duka la soda anigandishie, najizoeza nyuma ya tangi. Meno yanauma mpaka masikioni. Natema, narudisha. Yule mama hunicheka: "Abaayo, dada yangu, wewe na barafu ni mbuzi na chumvi."

Nitaimumunya. Hilo siombi ruhusa ya mtu. Kinywa ni changu, nataka kula nacho, nisome Kurani kwa sauti, nimjibu Aabo akipiga simu. Yule kijana hakuweza hata kimoja.

Ninachohofia ni Eeddo kugundua hukohuko hospitalini, dawa inaingia, amwage barafu yangu sakafuni. Nikimwambia hapa atamwendea Aabo, na Aabo hapingi neno la dada yake. Safari inaweza kuvunjika. Wallahi nampenda, ndiyo maana nakasirika hivi. Nyinyi mliowahi kuuguza, au kuugua, nishaurini: mtu aliyezika mtoto kwa baridi anaambiwaje akakubali?

Kandambili zake nazisikia zinakuja mlangoni. Sikunji karatasi. Kusoma hajui, ataniuliza nimeandika nini, na leo nitamtafsiria neno kwa neno.